Nyumba Tatu za Salehe Kobelo

Barua ilifika Lukunguni siku ya Jumanne asubuhi, mkononi mwa tarishi wa jumbe, imekunjwa mara nne na kulowa jasho pembeni. Salehe Kobelo alikuwa juu ya paa la nyumba ya mkewe, anaziba panapovuja. Tarishi hakungoja ashuke. Aliichomeka barua kwenye nyasi za ukingo wa paa, akasema, "Yako," akageuka kuondoka.

"Inasemaje?" Salehe aliuliza kutoka juu.

"Mimi miguu tu. Kichwa kiko boma."

Salehe akashuka. Alikuwa amesoma chuoni utotoni, akajua herufi za Kurani kiasi cha kutoaibika msikitini, lakini maandishi haya yalikuwa yanakimbilia upande mwingine. Alimpelekea Hatibu, mwalimu wa chuo. Hatibu aliigeuza barua juu chini, akaigeuza tena, akasema hayo ni maandishi ya misheni, akairudisha na kufuta vidole kwenye kanzu. Basi Salehe akateremka mlima mwendo wa saa nzima mpaka kwenye kibanda cha shule, alipokuwa Fransisko, kijana wa Kiluguru aliyebatizwa, akifundisha watoto kumi na mmoja kuhesabu.

"Shikamoo, mzee Salehe."

"Marahaba. Nina karatasi."

Fransisko aliwaambia watoto wanyamaze. Alinawa mikono, akavaa koti lake, akaisoma barua kwa kusimama, hata tarehe na namba iliyokuwa juu kabisa.

"'Kwa Salehe bin Kobelo wa Lukunguni, chini ya akida wa Mlali. Hesabu ya kodi ya nyumba imeangaliwa upya. Mwaka huu umelipa rupia tatu kwa nyumba moja. Daftari la akida linaonyesha kwamba una nyumba tatu. Kwa hiyo unadaiwa rupia sita. Ukiwa na neno, lilete kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne. Usipojibu, utahesabiwa kuwa umekubali.'"

"Rudia hapo pa nyumba."

"Una nyumba tatu."

Salehe alikaa kwenye benchi la watoto. Alikuwa na miaka arobaini hivi. Alikuja Lukunguni miaka kumi na saba nyuma kumuoa Chausiku, kama wanaume wa Uluguru wanavyofuata wake zao, akiwa na jembe moja na mkeka mmoja. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mke, shamba la ukoo wa mke, hata migomba nyuma ya jiko. Siku Chausiku angemwambia aondoke, angeondoka na jembe. Mkeka ulishachakaa.

"Mimi sina nyumba hata moja," alisema.

"Serikali inasema unazo," Fransisko alisema kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari njema asiyoiamini.

"Nyumba inayolipiwa ni ipi?"

"Nijuavyo mimi, ni ile anayolala mtu. Ghala halilipiwi, wala banda la mbuzi."

Salehe alihesabu kichwani. Nyumba ya kwanza walilala yeye na mkewe. Ya pili walilala mbuzi wanne. Ya tatu ilikuwa ya marehemu mama mkwe wake, na humo, tangu mahindi yalipopandwa, alikuwa amewekwa binti yake Mosi, mwali. Alishukuru kwa kusomewa, akaondoka bila kuuliza zaidi.

*

Kesho yake asubuhi walikaa kikao nyuma ya jiko: Salehe, Chausiku, na Mkude, kaka mkubwa wa Chausiku. Mkude ndiye mjomba wa mwali, na mjomba ndiye mwenye kauli. Alikuja na kigoda chake mwenyewe.

"Mwali haonwi na mwanamume," Mkude alisema baada ya kuelezwa. "Hata baba yake hamwoni. Hilo halina mjadala."

"Sijasema aonwe, shemeji," Salehe alisema. "Nasema kuna rupia tatu za nyumba ile, kama tukisema analala mtu. Tukisema halali mtu, watakuja kuangalia."

"Basi msiseme."

"Tusiposema, wameandika, tumekubali. Hapo ni rupia sita, na mbuzi wamo."

Mkude alitazama juu mlimani, ambako ukungu ulikuwa unaanza kupanda. "Barua ina jina la nani?"

"Langu."

"Basi."

Chausiku alikuwa anapepeta mtama, hakuinua macho. "Tuna rupia moja na hela arobaini," alisema. "Ni za nguo ya mwali siku ya kutoka."

"Hizo haziguswi," Mkude alisema haraka.

"Mbuzi mmoja akiuzwa Mlali," Salehe alianza.

"Mbuzi ni wa ngoma. Tutawalisha nini wageni, barua?"

Katika miaka kumi na saba Salehe alikuwa amejifunza ni wakati gani shauri limekwisha. Mkude alichukua kigoda chake, akamuuliza dada yake kama mwali anakula vizuri, akaenda zake.

Chausiku aliendelea kupepeta mpaka kaka yake alipopotea kwenye kona ya njia. "Andikisha kwamba halali mtu," alisema.

"Ni uongo."

"Najua ni uongo. Amebakiza miezi miwili."

*

Fransisko alitaka kuku kwa kuandika jibu, na alitaka kuku jike. Aliichonga penseli yake vizuri, akaandika jina, akaandika kijiji, akaandika kwamba nyumba moja ni ya watu na ya pili ni ya mbuzi.

"Na ya tatu?"

"Andika, halali mtu."

Fransisko aliinua penseli. "Nyumba ya marehemu mama Chausiku? Halali mtu?"

"Andika."

"Mzee Salehe, mimi ni mwalimu. Padri anasoma mkono wangu. Boma wanaujua mkono wangu." Alisema kwa huzuni, kuku akiwa kwapani. "Nyimbo za kina mama zinasikika mpaka huku chini."

Kuku alijitikisa. Mwishowe Salehe akasema, "Andika: halali mwanamume."

Fransisko alilipima neno lile, akaona halina doa. Aliandika: *Katika nyumba ya tatu hakuna mwanamume anayelala.* Akapuliza karatasi ingawa penseli haina wino.

Salehe alifika Morogoro jioni ya siku ya pili, akalala kwa mtu wa kwao karibu na reli. Asubuhi alikuwa uwanjani pa boma na watu wengine thelathini waliokuwa na neno. Askari aliwaambia wavue kofia na wachuchumae. Jua lilipokaza aliwaambia kwamba waliokaa bure wanaweza kung'oa majani ya uwanjani. Salehe aling'oa mpaka saa sita. Alikuwa mzuri wa kazi hiyo, akaongezewa kipande cha mwenzake aliyekuwa mzee. Siku ile hakuitwa. Siku ya pili aling'oa upande wa bendera, na jina lake likaitwa vibaya kiasi kwamba alilisikia mara tatu bila kujua ni lake.

Karani aliitwa Severini. Alikuwa kijana wa shule, naye Mluguru, wa upande wa pili wa milima, suruali yake nyeupe ikiwa na mkunjo ulionyooka. Alisoma barua ya Fransisko mpaka mwisho, akarudi kwenye mstari mmoja, akakaa nao.

"Hakuna mwanamume anayelala," alisoma kwa sauti.

"Hakuna, bwana karani."

Severini alimtazama Salehe kwa muda. Kisha aliipeleka barua chumba cha ndani kwa bwana mkubwa, mlango ukafungwa, ukafunguliwa. "Anasema majibu ya nyumba huaminiwa na macho," karani alisema. "Tutakuja kukagua." Akagonga muhuri kwenye kipande cha karatasi kuonyesha kwamba neno la Salehe limepokewa. Salehe alirudi nyumbani na muhuri, mikono yake ikinuka majani ya serikali.

*

Walikuja siku ya tisa tangu Salehe arudi, asubuhi, karani na askari mmoja aliyetoka mbali, asiyejua Kiluguru na asiyependa kupanda milima. Severini alibeba daftari kwapani. Askari alibeba bunduki, na kiboko mkononi. Wanawake wa jirani walikumbuka kazi zilizokuwa karibu na uwanja wa Chausiku.

Nyumba ya kwanza haikuwa na matata. Severini alichungulia, akaandika. Wakaenda kwenye banda la mbuzi. Severini aliinama mlangoni, akakaa ameinama.

"Hiki kitanda cha nani?"

Salehe alikuwa amekisahau. Kilikuwa kitanda cha kamba, kifupi, kimeegemezwa ukutani juu ya kinyesi cha mbuzi.

"Changu, bwana karani."

"Unalala humu?"

Salehe alisikia majirani wamenyamaza. "Baadhi ya siku. Kina mama wakija kuimba na kufundisha, huwa wanajaa nyumbani. Mimi huwapisha."

"Analala na mbuzi!" askari alisema, akacheka kwa moyo, kicheko cha kwanza tangu Mlali. "Karani, andika! Mwenye nyumba tatu, analala na mbuzi."

"Akilala mtu ni nyumba," Severini alisema. "Rupia tatu."

Severini alifunga daftari juu ya kidole chake. "Kitanda kikiwemo, ni nyumba," alisema polepole, kama anayefundisha. "Kisipokuwemo, ni banda. Mimi sijaandika bado. Askari, mlima ule unaitwaje?" Akamshika askari bega, akamgeuzia upande wa mlima, akaanza kumwonyesha vilele, kimoja baada ya kingine. Viko vingi. Salehe alikitoa kitanda, akakipitisha mbele ya majirani wote, mbuzi mmoja akimfuata, akakitupa nyuma ya migomba. Alipotoka huko, Severini aligeuka, akachungulia upya, akaandika: *banda*.

Kisha wakaifikia nyumba ya tatu.

Bi Hidaya, kungwi wa mwali, alikuwa amekaa kizingitini miguu mbele, kinu katikati ya mapaja, anatwanga kinu kitupu. Chausiku alikuwa amesimama pembeni, mikono imeshika kanga yake. Mlango wa mabua ulikuwa umefungwa kwa kamba.

"Bibi, ondoka," askari alisema.

Bi Hidaya aliendelea kutwanga.

Severini hakukaribia. Alisimama mbali zaidi kuliko alivyosimama kwa mbuzi. "Mzee Salehe," aliuliza, "humu analala mtu?"

"Ameandika halali mwanamume," askari alisema. "Hilo si jibu. Nyumba ifunguliwe, tuhesabu vichwa. Ndiyo amri." Alipanda hatua moja, akaikamata kamba ya mlango kwa mkono wa kushoto. Ndani kukasikika kitu kinaburutwa ardhini, kama mtu anasogea pembeni kabisa ya ukuta.

Chausiku alisema jina la mumewe. Hakusema zaidi ya jina.

Salehe alijikuta ameshavuka uwanja. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa askari, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya wala kulifikiria. Kiboko kilimpata begani, kisha mgongoni. Hakuondoa mkono. "Analala mtu," alisema. "Analala. Karani, andika nyumba mbili. Nitalipa."

"Sasa tumwone huyo mtu," askari alisema, akipumua.

"Amekiri," Severini alisema.

"Amri ni kuhesabu vichwa!"

Severini alifungua daftari. Alilamba kidole, akapekua kurasa bila haraka mpaka akafika kwenye ukurasa mweupe, usio na hata mstari, akausoma kwa sauti ya boma: "'Mwenye kukiri nyumba, nyumba yake haifunguliwi.' Kifungu cha nne." Akamwonyesha askari.

Askari aliuangalia ukurasa kwa makini. Alikuwa hajui kusoma, na hakutaka lijulikane milimani kwa watu. "Kifungu cha nne," alikubali, akaiachia kamba. Bi Hidaya hakuacha kutwanga.

*

Severini aliandika deni huku amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mbele ya jiko. Rupia tatu, ndani ya siku kumi. Hakuandika neno juu ya Salehe kumshika askari mkono.

"Ukishindwa, utachukuliwa upelekwe kazini," alimwambia Salehe. "Ukienda mwenyewe kabla, utachagua shamba."

"Kuna shamba zuri?"

Severini alifikiri kwa dhati. "Hapana," alisema.

Walipoondoka, Mkude alifika. Alikuwa amesikia. Alizunguka nyumba ya mama yake, akakagua kamba ya mlango, akaona haijakatika. Alimtazama Salehe mgongoni, palipokuwa pamevimba.

"Umefanya vyema, shemeji," alisema.

"Bado rupia tatu."

"Ndiyo," Mkude alisema. "Hizo bado."

Chausiku alimkanda mumewe kwa majani yaliyochemshwa. Mwanamume huyu alikuwa na mazoea ya kuuliza mara mbili kabla ya kusogeza chungu katika nyumba ile. Alimkanda taratibu, hakusema neno la shukrani, na Salehe hakulitarajia.

"Ukienda siku thelathini utarudi kabla hajatoka," alisema.

"Nitarudi kabla."

Shamba lilikuwa la mkonge, la Mgiriki mmoja karibu na Mazimbu. Salehe alipewa kipande, kadi ya kazi yenye nafasi thelathini, na kila jioni mnyapara alitia alama nafasi moja. Siku ya mvua haikutiwa alama. Siku ambayo mafungu ya majani hayakutimia haikutiwa alama. Siku aliyochomwa na mwiba wa mkonge karibu na jicho alifanya kazi mpaka jioni kwa jicho moja, na mnyapara akasema ameona nusu ya kazi. Nafasi thelathini zilimchukua siku hamsini na nane. Kichwani aliwahesabia kina Chausiku mavuno, akahesabu kuvuna kumekwisha, akahesabu pombe imepikwa na ngoma imepigwa na wageni wameondoka. Baada ya hapo aliacha kuhesabu mambo ya nyumbani, akahesabu mkonge.

Mwisho wa kipande alilipwa rupia nane. Tatu zilikatwa kwa ajili ya boma, mbili na nusu za posho. Alipewa cheti cha kodi, akakifunga kwenye ncha ya shuka pamoja na zilizobaki, akaanza kupanda.

*

Alifika Lukunguni saa nne asubuhi, akakuta mlango wa nyumba ya tatu bado umefungwa kwa kamba na Bi Hidaya kizingitini, safari hii akichambua mboga.

"Bado?" alimuuliza Chausiku.

"Bado."

"Miezi miwili imepita."

"Kaka amekuja mara tatu kugombana. Nimemwambia mwali ana homa." Alimpokea mzigo. "Bi Hidaya naye akasema mwali ana homa. Amekonda kwa kukaa gizani, lakini ameambiwa anangojwa nani. Umekonda wewe pia. Jicho limekuwaje?"

"Linaona."

Ngoma ikawekwa siku ya tatu. Mbuzi wawili walichinjwa, watu wakaja kutoka Mlali na vijiji vya juu, ngoma zikaanikwa juani zikaze ngozi. Saa ya kuanza, tarishi wa jumbe alipita katikati ya watu, akasimama penye ngoma.

"Ngoma ina cheti siku hizi," alisema. "Rupia moja. Isipolipwa, isipigwe. Mwenye ngoma nani?"

Watu wote, bila kuambizana, walimtazama Salehe. Naye, bila kuambiwa, alikuwa ameshaanza kufungua ncha ya shuka.

Mkude alimwekea mkono juu ya fundo. "Kaa, shemeji," alisema. "Hii ngoma ni ya ukoo wetu."

Salehe alikaa. Hakujua kama amesaidiwa au amekumbushwa mahali pake, na alipofikiri zaidi aliona yawezekana ni yote mawili. Mkude alifungua kifuko chake, akamhesabia tarishi hela moja moja, mia nzima za rupia ile, akikosea katikati na kuanza upya, mpaka tarishi akaomba aamini tu kwamba zimetimia.

Ngoma zikapigwa. Kamba ya mlango ikafunguliwa na Bi Hidaya mwenyewe, na mwali akatolewa amefunikwa nguo mpya kichwa mpaka miguu, akapandishwa mabegani mwa mjomba wake kama inavyotakiwa. Nguo ilipoteremshwa usoni alikodoa macho kwa mwanga, akayafumba. Alikuwa mweupe kwa kukosa jua na alikuwa mrefu kuliko alivyoingia. Wanawake wakapiga vigelegele. Salehe alikuwa nyuma kabisa, wanaposimama wanaume waliooa hapo, kati ya mtu mmoja wa Mlali na ukuta wa banda.

Mbele yake walisimama wanawake wawili wageni. Mmoja alimuuliza mwenzake, "Na baba yake ni yupi?"

Mwenzake akageuka, akatafuta kwa macho. "Yule kule. Aliyekonda, mwenye kovu jichoni."

Salehe alisikia. Akasogea kutoka kwenye ukuta, akasimama wima, ili wamwone vizuri.